Jina la Dawa Si Pambo: Sheria ya India na Alama za Biashara

Mgonjwa anapofika kwenye dirisha la famasi na cheti chake mkononi, kitu cha kwanza kinachopita kati yake na mhudumu si dawa, bali ni jina. Jina hilo likisomwa vibaya kwa herufi mbili tatu, mgonjwa anaweza kurudi nyumbani na kemikali nyingine kabisa. Ndiyo maana sheria ya alama za biashara, ambayo wengi hudhani ni jambo la wafanyabiashara na mawakili wao, ina nafasi yake pia katika mazungumzo ya afya. Na kwa kuwa dawa nyingi zinazouzwa Afrika Mashariki hutengenezwa India, tuna sababu ya kujua nchi hiyo inayalindaje majina ya dawa zake.

Kesi ya Falcigo na Falcitab

Kampuni mbili za India, Cadila Health Care na Cadila Pharmaceuticals, zilitokana na kundi moja la biashara lililogawanyika, na zote zikabaki na haki ya kutumia jina la Cadila. Ya kwanza iliuza dawa ya malaria iliyoitwa Falcigo, yenye artesunati. Baadaye ya pili ikaleta sokoni Falcitab, yenye meflokwini, nayo ikiwa ni ya malaria. Majina yote mawili yalichota mwanzo wake kutoka falsiparamu, jina la kimelea kinacholeta malaria kali.

Mwenye Falcigo alikwenda mahakamani huko Gujarat kuomba zuio, akashindwa. Mahakama ziliona kwamba dawa hizo zilitofautiana kwa sura, kwa mchanganyiko na kwa bei, na kwamba ziliuzwa kwa hospitali na kliniki tu. Kwa maoni yao, mtaalamu hawezi kuchanganyikiwa.

Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India ilikataa hoja hiyo. Haikutoa uamuzi wa mwisho kuhusu nani mwenye haki, bali iliagiza kesi iendelee kusikilizwa kwa kufuata misingi iliyoiweka. Ilieleza kwamba madaktari na wafamasia nao ni binadamu, na hukosea: mwandiko huwa mbaya, agizo hutolewa kwa simu, wodi hujaa. Katika bidhaa za kawaida mnunuzi aliyekosea hupoteza fedha. Katika dawa anaweza kupoteza uhai. Kwa hiyo kipimo cha kufanana kwa majina ya dawa sharti kiwe kikali zaidi. Hakimu atazame jinsi majina yanavyosikika na wazo yanayoleta, aina ya bidhaa, elimu na uangalifu wa wanunuzi, na namna dawa inavyonunuliwa.

Tofauti ya dawa hizo mbili si ndogo. Meflokwini haifai kupewa mtu mwenye historia ya kifafa au maradhi ya akili. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kukosea jina ni hatari.

Namna alama inavyolindwa

Sheria ya Alama za Biashara ya India ni ya mwaka 1999, na ilianza kutumika mwaka 2003. Mwombaji huwasilisha maombi kwa Msajili. Dawa huwekwa katika daraja la 5. Maombi yakikubaliwa hutangazwa katika jarida rasmi, na yeyote mwenye pingamizi ana miezi minne ya kulileta. Usajili hudumu miaka 10 na huweza kuhuishwa tena na tena.

Hata hivyo, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye alama asipoihuisha, hufutwa. Asipoitumia kwa miaka 5 mfululizo baada ya kusajiliwa, mtu mwingine anaweza kuomba iondolewe. Aidha, ni juu yake kusoma jarida la Msajili na kupinga mapema majina yanayokaribiana na lake. Anayeghushi alama hukabiliwa na kifungo cha miezi 6 hadi miaka 3 pamoja na faini.

Lipo pia jambo ambalo sheria hiyo inakataza kumilikiwa. Kifungu cha 13 hakiruhusu kusajili jina la kimataifa la kiambato lililotangazwa na Shirika la Afya Duniani. Artesunati ni jina la watu wote. Falcigo ni la kampuni.

Katika hukumu yake, Mahakama ilishauri pia mamlaka za dawa zichunguze majina kabla ya kutoa vibali. Mwaka 2019 kanuni za dawa za India zilirekebishwa, na sasa mwombaji wa leseni hutakiwa kutoa ahadi ya maandishi kwamba jina lake halitaleta mkanganyiko na jina lililopo.

Sehemu yetu

Msomaji asidhani kwamba usajili ni cheti cha ubora. Alama ya biashara hueleza dawa imetoka kwa nani. Usalama wake huthibitishwa na mamlaka ya dawa ya nchi inakouzwa. Vilevile, usajili wa India hauvuki mpaka wenyewe: jina lililolindwa Mumbai halijalindwa Mombasa mpaka lisajiliwe huku.

Kwa mhudumu wa afya, andika jina la kiambato pamoja na kipimo, kwa herufi zinazosomeka. Ukipokea agizo kwa simu, lirudie kwa sauti. Usiweke kwenye rafu moja dawa zenye majina yanayofanana.

Kwa mgonjwa, usitosheke na jina kubwa lililo mbele ya boksi. Tafuta jina la kiambato, kwa kawaida lililoandikwa kwa herufi ndogo, ulilinganishe na cheti chako. Likitofautiana, uliza kabla ya kuondoka dirishani. Kuuliza si utovu wa adabu. Ni haki yako.