Mvumo Katika Spika: Kompyuta ya Mpakato na Muziki wa Arusi Mjini Tabora

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji katika karne ya 19 ilikuwa ikipumzika Unyanyembe, mahali ambapo leo ni Tabora. Kirangozi alitangulia mbele kuonyesha njia, na mlio wa ngoma au wa baragumu ndio uliowajulisha wapagazi kwamba safari imeanza. Ikiwa msafara ulikuwa na urefu wa kilomita moja, mlio huo ulimfikia mtu wa mwisho baada ya sekunde tatu hivi. Tutaona hapo baadaye kuwa ucheleweshaji wa namna hiyo hiyo, ingawa ni mdogo zaidi, humsumbua hata kijana wa leo anayepiga muziki kwa kompyuta chini ya mwembe wa nyumbani kwao.

Tabora ni mji wa muziki tangu zamani. Bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitoka huko, na wapiga magitaa wake walivifahamu vyema vituko vya amplifaya. Siku hizi arusi nyingi hazina bendi. Kijana mmoja wa familia huketi nyuma ya meza akiwa na kompyuta ya mpakato, mikisa, amplifaya na spika mbili, na watu wakamwita dijei. Miaka michache iliyopita, wakati wa kiangazi baada ya mavuno, nilihudhuria arusi ya mtoto wa dada yangu mjini humo. Mdogo wake bibi arusi, aliyekuwa Kidato cha Tano, ndiye aliyekabidhiwa muziki. Saa mbili kabla ya wageni kufika alinijia akiwa na uso wa huzuni.

“Shikamoo mjomba. Spika zinavuma kama mzinga wa nyuki, na hata muziki sijaufungulia.”

Kabla sijafika mezani, fundi aliyekodishwa pamoja na spika alikuwa amekwisha kuifungua plagi ya amplifaya kwa bisibisi na kuukata ule waya wa rangi ya kijani na manjano. Mvumo ukakoma papo hapo. Watu wakampigia makofi. Mimi niliomba swichi izimwe mara moja, na makala haya ni maelezo ambayo sikuwa na nafasi ya kuyatoa siku ile: kwa nini spika zilivuma, kwa nini zilinyamaza, na kwa nini kimya kile kilikuwa cha hatari kuliko mvumo wenyewe.

Safari ya sauti

Wimbo uliohifadhiwa katika kompyuta ni orodha ndefu ya namba. Kwa kawaida sekunde moja ya muziki huandikwa kwa namba 44,100 kwa kila upande, wa kushoto na wa kulia, na kila namba huwa na nafasi moja kati ya 65,536. Kadi ya sauti huzigeuza namba hizo kuwa volti zinazopanda na kushuka. Volti hizo ni ndogo. Tuchukulie kuwa ni volti moja. Zinapita katika waya mwembamba hadi kwenye mikisa, kisha amplifaya huzipa nguvu ya kuisukuma spika.

Waya huo mwembamba una sehemu mbili. Katikati upo uzi unaobeba sauti, na kuuzunguka upo wavu wa shaba ambao ni njia ya kurudia na pia ni ngao dhidi ya umeme wa nje. Msomaji aukumbuke wavu huo.

Nyumbani kwa dada yangu chaja ya kompyuta ilikuwa imechomekwa barazani, na amplifaya ilikuwa imechomekwa katika banda la uani, hatua kama thelathini kutoka pale. Chaja ilikuwa na plagi ya miguu mitatu, hali kadhalika amplifaya. Kwa hiyo kila kimoja kilikuwa kimeungwa na ardhi kwa waya wake wa ethi, na wakati huo huo vilikuwa vimeungana vyenyewe kwa ule wavu wa shaba. Mwanafunzi akichora mchoro wa jambo hili ataona mara moja kuwa amepata duara lililofungwa: kutoka kompyuta hadi amplifaya kwa njia ya wavu, kisha kurudi kwa njia ya ethi.

Duara lolote la waya likikaa karibu na nyaya za umeme wa kubadilika hupata mkondo, kwa kanuni ile ile ya Faraday inayoendesha transfoma. Tena ethi ya barazani na ethi ya bandani hazina volti sawa kabisa. Mkondo mdogo hupita katika wavu na kuongeza volti yake juu ya volti za muziki. Umeme wetu hutetemeka mara 50 kwa sekunde, na spika haina uwezo wa kuutofautisha na sauti ya besi. Hupiga kila inacholetewa. Tuseme volti hiyo ya ziada ni sehemu moja tu ya mia ya volti. Ikilinganishwa na muziki wa volti moja iko chini kwa desibeli 40. Muziki ukiwa na desibeli 100, mvumo utakuwa na desibeli 60, yaani karibu sawa na watu wanaozungumza kwa kawaida. Hata kiziwi wa kusingizia atausikia.

Fundi alipokata ethi, duara lilikatika na mkondo ukakoma. Kwa hiyo dawa yake ilifanya kazi, na ndiyo sababu imeenea sana.

Kazi ya waya wa kijani na manjano

Sasa tuchukulie kuwa ndani ya amplifaya waya wenye umeme umechubuka na kugusa kasha la chuma. Kama ethi ipo na ni nzuri, mkondo mkubwa huenda ardhini na fyuzi huungua. Kama ethi imekatwa, kasha hubaki na volti 230 bila dalili yoyote. Umeme huo huweza kufuata wavu wa shaba hadi kwenye maikrofoni, na maikrofoni imo mkononi mwa mshereheshaji, karibu kabisa na midomo yake, naye amesimama juu ya ardhi.

Ukinzani wa mwili wa binadamu hubadilika sana, hasa ngozi ikiwa na jasho. Tuchukue omu 1,500. Kwa kanuni ya Ohm mkondo utakuwa 230 kugawanya kwa 1,500, yaani miliampea 150 hivi. Kiasi hicho kinatosha kuuvuruga moyo. Je, fyuzi itamwokoa? Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, na mkondo unaomuua mtu huyu haufiki hata sehemu ya themanini ya huo. Fyuzi haitajua kwamba lolote limetokea.

Lipo jambo jingine linalowahusu hasa watu wa Tabora na nchi kavu kama hiyo. Sherehe nyingi hufanywa kiangazi, na udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Tuseme fimbo ya ethi ya nyumba ina ukinzani wa omu 50. Hitilafu ikitokea, mkondo utakaokwenda ardhini ni ampea 4.6 tu, na fyuzi ya ampea 13 haitaungua kamwe. Kumbe hata ethi iliyopo yaweza kuwa ya jina tu! Kumwagia maji kwenye fimbo husaidia kwa muda. Kinga ya kuaminika ni kifaa kinachopima mkondo unaovuja na kukata umeme unapofika miliampea 30. Mafundi hukiita kwa herufi RCD. Kwa omu 50 miliampea 30 huhitaji volti moja na nusu tu, kwa hiyo ukavu wa udongo haukizuii kufanya kazi. Ningekuwa na fedha za spika kubwa au za kifaa hicho, ningenunua kifaa na kukodi spika ndogo.

Na mvumo je? Dawa yake halali ni nyepesi kuliko bisibisi. Kwanza, chaja ya kompyuta ichomolewe kwa dakika moja, kompyuta iendeshwe kwa betri yake. Mvumo ukikoma, duara ndilo lenye kosa. Kisha vyombo vyote vichomekwe katika ekstensheni moja inayotoka kwenye soketi moja; duara hupungua hadi kuwa dogo mno. Mvumo ukibaki, transfoma ndogo ya kutenganisha huwekwa katika njia ya sauti: muziki hupita kwa sumaku, na wavu haugusani tena. Ekstensheni yenyewe ikunjuliwe yote, maana waya uliobaki kwenye roli hupata joto.

Umbali na wakati

Programu za madijei, mojawapo ikiwa Mixxx ambayo hutolewa bure, hazipeleki namba moja moja bali kwa mafungu. Fungu la namba 512 huchukua milisekunde 11.6. Kwa joto la nyuzi 25 sauti husafiri mita 346 kwa sekunde, kwa hiyo kucheleweshwa huko ni sawa na kusimama mita nne kutoka kwenye spika. Ukichagua fungu la namba 2,048 ni kama umehamia mita 16, na mkono wako utaukosa mdundo. (Wanafunzi hudhani mwinuko wa Tabora, unaokaribia mita 1,200, huipunguza kasi hiyo. Sivyo, joto ndilo linaloibadilisha.) Kwa sababu hiyo hiyo spika mbili zisiwekwe kila moja katika upande wake wa uwanja. Anayesimama karibu na moja atasikia ya pili ikichelewa, kama mpagazi wa mkiani.

Umbali pia hulinda masikio. Uwanjani, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli sita: 100 kwa mita moja, 94 kwa mbili, 88 kwa nne, 76 kwa kumi na sita. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti katika kumbi za muziki usizidi desibeli 100 kwa dakika 15. Watoto hupenda kucheza mbele kabisa ya spika, na ndio wasiotakiwa kuwa hapo.

Siku ile tuliurudisha waya wa kijani na manjano, tukaileta chaja kwenye ekstensheni ya amplifaya, na bibi yake bibi arusi akahamishiwa kiti chake chini ya mwembe wa mbali. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Tabora Jazz, ambao mpwa wangu aliunakili kutoka santuri ya baba yake. Mikwaruzo ya sindano ilisikika yote, mmoja mmoja.