VIDONGE VYA KROMIAMU NA MARADHI YA SUKARI



Katika arusi moja mwezi uliopita, mama mwenzetu alifungua mkoba akatuonyesha kichupa cha vidonge vya kromiamu, alichokinunua dukani hapa Uingereza. Alikwisha kuvitumia miezi mitatu, na kwa kuviamini akapunguza metformini aliyoandikiwa na daktari, kwa siri, hata wanawe wasijue. Kisha kipimo cha damu kikaonyesha kwamba sukari imepanda. "Lakini wameandika kichupani," akatuambia. Ni kweli wameandika, wala hatuna haki ya kumlaumu. Tukaona tulichunguze jambo hili kwa ajili yake na kwa ajili ya wengine wanaotuuliza.

Kromiamu ni madini yapatikanayo kwa kiasi kidogo mno katika nyama, mboga na nafaka zisizokobolewa. Habari yake ilianza Marekani. Mwaka 1957, Klaus Schwarz na Walter Mertz walieleza kwamba katika hamira ya pombe mna kitu kinachowawezesha panya kuitumia sukari vizuri mwilini. Mwaka 1959 wakasema kitu hicho ni kromiamu. Mwaka 1977, madaktari wa Kanada wakatoa habari za mwanamke aliyelishwa kwa mshipa miaka kadhaa, chakula chake kikikosa madini hayo. Sukari yake ilipanda, mwili ukakonda, na insulini isimfae. Alipopewa kromiamu akapata nafuu. Tangu hapo watu wengi wakashikilia kwamba kromiamu ndiyo inayoipa insulini nguvu. Lakini huyo alikuwa akilishwa kwa mshipa. Sisi tunakula ugali na mchuzi.

Uchunguzi unaotajwa sana na wauzaji ulifanyika China ukachapishwa mwaka 1997. Wagonjwa 180 waligawanywa mafungu matatu. Baada ya miezi minne, kipimo cha wastani wa sukari kilikuwa asilimia 8.5 kwa waliopewa vidonge vitupu, 7.5 kwa waliopata maikrogramu 200 kwa siku, na 6.6 kwa waliopata 1,000. Hakika ni tofauti kubwa! Lakini mwaka 2006 Waholanzi walijaribu vipimo vya 500 na 1,000 kwa miezi sita, kwa wagonjwa wanene wanaotumia insulini, nao hawakuona tofauti yoyote na vidonge vitupu. Majaribio mengine nayo yamepingana vivyo hivyo. Mwaka 2005 wakuu wa chakula na dawa wa Marekani walisema uhusiano huo ni wa mashaka makubwa, na mwaka 2014 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ikasema haioni ushahidi kwamba kromiamu humletea faida mtu mwenye afya.

Vipi basi maneno ya kichupani? Sheria ya hapa inaruhusu kuandika kwamba kromiamu husaidia kudumisha kiwango cha kawaida cha sukari katika damu. Haimruhusu muuzaji kusema kwamba inatibu kisukari. Mama yetu alisoma la kwanza akaelewa la pili, na nani asingeelewa hivyo?

Jambo lililotuuma zaidi ni fedha. Hapa England, mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa anastahili cheti cha kupata dawa bila malipo. Alikuwa akiiacha ya bure na kuinunua ile nyingine.

Vidonge hivyo navyo vina hatari zake. Katika miaka ya 1990 waliripotiwa watu walioharibika figo baada ya kumeza kwa wingi. Anayetumia insulini huenda sukari ikamshuka kupita kiasi, na anayetumia dawa ya tezi ya shingo asivimeze kwa wakati mmoja, kwani huizuia isifyonzwe vizuri.

Mama amerudia metformini yake kamili, na sasa wanawe wanajua. Kichupa, ambacho kimebaki nusu, tumemwomba akipeleke kwa mfamasia pamoja na dawa zake zote, wavitazame pamoja mezani.