Kabla ya Kitoa Machozi cha Kwanza

Mwuza viatu wa Moi Avenue, Nairobi, hangoji taarifa ya habari ili ajue kwamba kesho kuna maandamano. Bango limezunguka kwenye simu kwa siku kadhaa, lina tarehe, saa na mahali pa kukutania. Jirani yake wa duka la simu ameshamwita fundi wa kuchomelea aongeze bamba la chuma mlangoni, na bidhaa za bei ghali zimehamishwa usiku. Makanga wanaulizana abiria watashushwa wapi, Ngara au Pangani. Na kama jioni hiyo lori la polisi limeonekana likishusha mizingo ya seng'enge karibu na Bunge, hata asiyejali siasa atamwambia mwanawe abaki nyumbani.

Ujuzi huu wa kubashiri umekomaa kwa mazoezi. Mwaka 2023, muungano wa upinzani wa Azimio chini ya Raila Odinga ulipoitisha maandamano ya Jumatatu na Alhamisi kuhusu gharama ya maisha, waandamanaji wakibeba sufuria kichwani, wafanyabiashara walianza kupanga wiki zao kwa kuzikwepa siku hizo mbili. Julai mwaka huo, siku moja kabla ya maandamano, serikali ilitangaza kufunga shule za kutwa za Nairobi na Mombasa. Mzazi aliyepata ujumbe huo alielewa bila kuelezwa zaidi kwamba serikali yenyewe inatarajia risasi na mawe.

Swali ambalo halijibiwi kwa urahisi ni hili: vurugu zinapotarajiwa na kila mtu, je, matarajio hayo ni maono tu ya kinachokuja, au ni sehemu ya kinachozileta?

Kwa muda mrefu jibu la polisi duniani kote lilitokana na dhana moja ya zamani. Mwaka 1895 Mfaransa Gustave Le Bon alichapisha kitabu kilichodai kwamba mtu akiingia katika umati hupoteza akili yake na kugeuka kiumbe cha hisia, tayari kufuata lolote. Ukiamini hivyo, umati wote ni hatari moja, na dawa yake ni kuutawanya mapema. Wanasaikolojia wa baadaye, hasa Waingereza Stephen Reicher, Clifford Stott na John Drury, walikaa ndani ya umati wa waandamanaji na mashabiki wa soka wakaona jambo tofauti. Watu wengi huja na nia ya amani na huwatazama wachache wanaotaka fujo kama wageni. Polisi wanapowashambulia wote bila kubagua, mpaka huo hufutika. Mwalimu, mwanafunzi na mrusha mawe hujikuta upande mmoja, na mrusha mawe anaanza kuonekana mtetezi.

Ureno ililipima wazo hilo katika mashindano ya soka ya Euro 2004. Polisi wa mijini walishauriana na watafiti hao, wakawapeleka kwanza maafisa wa sare za kawaida, wawili wawili, wakizungumza na mashabiki na kucheka nao. Vikosi vyenye ngao na helmeti vilikuwapo, ila vilifichwa barabara za pembeni. Mashabiki wa England, waliojulikana kwa ghasia kote Ulaya, walipita katika miji hiyo kwa utulivu uliowashangaza wengi. Katika mji wa pwani wa Albufeira, uliokuwa chini ya kikosi kingine kisichofuata mpango huo, vurugu zilitokea.

Nairobi nayo ina kipimo chake, ingawa hakuna aliyekipanga. Jumanne tarehe 18 Juni 2024, vijana waliojiita Gen Z walijitokeza mara ya kwanza kupinga Mswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuandamana. Walivaa nguo nyeusi, walibeba simu na chupa za maji, wakijirekodi na kutaniana. Polisi waliwajibu kwa vitoa machozi na maji ya kuwasha, na zaidi ya watu 200 wakakamatwa. Alhamisi tarehe 20 maandamano yalikuwa yameenea miji mingi nchini, na jioni hiyo kijana wa miaka 29 aliuawa kwa risasi katikati ya jiji. Katika siku hizo hizo afisa mmoja wa polisi alipoteza mikono yote miwili baada ya kitoa machozi kumlipukia kabla hajakirusha.

Kuanzia hapo bango lililozunguka halikuwa tena la mswada pekee. Jumanne tarehe 25, wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106. Dakika chache baadaye umati ulivuka ua wa Bunge, sehemu ya jengo ikawaka moto, na watu wakaanguka kwa risasi barabarani. Jeshi likaitwa. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, KNCHR, ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa. Aliyetaka kubashiri tarehe 25 hakuhitaji ujasusi. Ingemtosha kuangalia kilichofanyika tarehe 18 na 20.

Wazoefu wa maandamano wana namna yao ya kusoma dalili asubuhi yenyewe. Huangalia ni polisi gani wametumwa. Askari wa kituo cha karibu, mwenye rungu na jina kifuani, anamaanisha kwamba kuna nafasi ya kuzungumza. Kikosi cha polisi wa kuzuia ghasia, GSU, chenye helmeti na bunduki kikipangwa mstari saa mbili asubuhi, kabla hajafika hata mwandamanaji mmoja, nafasi hiyo imepungua. Dalili mbaya zaidi ni gari dogo lisilo na nambari za usajili, lenye watu waliofunika nyuso. Mwaka 2024 Mahakama Kuu iliagiza polisi wanaosimamia maandamano wavae sare, waonyeshe majina au nambari zao na wasifiche nyuso. Mwaka mmoja baadaye KNCHR iliripoti kuwaona tena polisi waliofunika nyuso, wasio na sare, wakizunguka katika magari yasiyotambulika.

Halafu kuna wahuni wa kukodiwa. Tarehe 17 Juni 2025, wakati wa maandamano ya kudai haki kwa mwalimu aliyefia katika seli ya Kituo Kikuu cha Polisi Nairobi, makundi ya wanaume yaliingia katikati ya jiji kwa bodaboda yakiwa na rungu na mijeledi, yakawapiga waandamanaji na wapita njia huku polisi wakiwa karibu. Wakongwe walikumbuka miaka ya tisini, enzi ya kundi lililojulikana kama Jeshi la Mzee. Siku hiyo hiyo mchuuzi wa barakoa, ambaye hakuwa akiandamana, alipigwa risasi na polisi kwa karibu mno mbele ya kamera za simu. Alifariki siku 13 baadaye, na afisa akashtakiwa kwa mauaji.

Sheria, kwa maandishi, ilishafikiria namna ya kuzuia haya. Kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandaaji ampe taarifa mkuu wa kituo cha polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla, na maandamano yafanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Neno lenyewe ni taarifa. Polisi hawaombwi ruhusa, ingawa kwa miaka mingi wamezungumza kana kwamba wanaombwa. Maana ya siku hizo 3 ni kuwapa mwandaaji na polisi muda wa kuketi na kupanga: njia ipi itapitwa, barabara zipi zifungwe, ambulensi ikae wapi, ombi lipokewe na nani.

Kikao hicho kinahitaji mtu wa upande wa pili, na Gen Z walijitambulisha kwa kutokuwa naye. Hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama, walisema. Mipango ilifanywa katika mazungumzo ya moja kwa moja mtandaoni na katika programu ya Zello, ambapo maelfu walisikilizana kama madereva wa teksi. Tarehe 17 Julai 2024, Kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi Douglas Kanja alipopiga marufuku maandamano katikati ya Nairobi, sababu mojawapo aliyotoa ni kwamba hakukuwa na viongozi wa kushirikiana nao kuhusu usalama. Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kesho yake.

Malalamiko ya Kanja hayakuwa ya uongo. Yalisahau tu historia. Tarehe 4 Julai 1990, siku tatu kabla ya mkutano wa kudai vyama vingi uliopangwa kufanyika uwanja wa Kamukunji, serikali ya Daniel arap Moi iliwaweka kizuizini Kenneth Matiba na Charles Rubia. Siku ya mkutano, iliyoitwa Saba Saba kwa kuwa ilikuwa tarehe saba mwezi wa saba, watu walikwenda hata hivyo, na vurugu zikaendelea kwa siku kadhaa. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints na kuwapiga waliokuwamo, akiwemo Mchungaji Timothy Njoya. Kijana aliyezaliwa baada ya miaka hiyo amesimuliwa na wazazi wake kilichompata kila aliyesimama mbele. Akiamua kwamba njia salama ni kutosimama mbele mtu yeyote, amejifunza kwa serikali yenyewe. Hasara yake ni kwamba saa nane mchana, hewa ikiwa imechafuka, kamanda mwenye busara hana nambari ya simu ya kupiga, na umati hauna wa kuuambia turudi nyuma hatua 50.

Uswidi ilikabiliana na tatizo linalofanana na hili. Baada ya ghasia za Göteborg mwaka 2001, ambapo polisi waliwapiga risasi waandamanaji watatu, iliunda kikosi cha polisi wa mazungumzo. Kazi yao ni kuwajua wanaharakati mwaka mzima, kutembea nao siku ya maandamano, na kufikisha maneno pande zote mbili. Wasioamini vyama wala viongozi pia huzungumziwa, mmoja mmoja. Kikosi cha namna hiyo Nairobi kingeanza na deni kubwa la imani, kwa kuwa mtu aliyewahi kufuatwa na gari lisilo na nambari hawezi kumpa afisa jina lake kwa wepesi.

Serikali ilichagua njia nyingine. Tarehe 25 Juni 2025, kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Bunge livamiwe, seng'enge ilizungushwa Bunge na Ikulu, na Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza vituo vya utangazaji viache kurusha maandamano mubashara hadi mahakama ilipoingilia. Jumatatu ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, barabara kuu za kuingia jijini zilifungwa tangu alfajiri. Abiria waliosafiri usiku kucha kwa mabasi ya mikoani walishushwa vizuizini, wengine kilomita 10 kutoka katikati ya jiji, wakatembea na mizigo. Kenyatta Avenue ilikuwa tupu. Kwa kipimo cha picha za angani, mpango ulifaulu.

Vurugu zenyewe zilihamia mitaani kwa watu, Kangemi, Kitengela na miji ya Kiambu, kusikokuwa na kamera nyingi wala wahudumu wa afya waliojipanga. KNCHR ilirekodi vifo visivyopungua 31 siku hiyo. Mmoja wa waliokufa alikuwa msichana wa miaka 12, aliyepatwa na risasi akiwa nyumbani kwao Kiambu. Mzazi aliyemzuia mwanawe asitoke alikuwa amechukua tahadhari yote iliyojulikana.

Walioandamana nao wamejenga maarifa yao. Mawakili wa kujitolea husambaza nambari za simu usiku wa kuamkia maandamano, na vijana huziandika mkononi kwa kalamu ya wino kwa sababu simu ikinyang'anywa nambari zilizomo zinakwenda nayo. Madaktari na wauguzi hupiga kambi pembeni. Juni 2024 Msikiti wa Jamia ulifunguliwa kuwahudumia majeruhi wa dini zote. Kuhusu kitoa machozi, ushauri wa watabibu ni rahisi: usisugue macho, suuza kwa maji safi mengi, vua lenzi, panda mahali penye hewa kwa kuwa moshi ule ni mzito na hutambaa chini. Dawa ya meno inayopakwa chini ya macho haizuii kitu. Kinachoitwa gesi, kwa hakika, ni unga laini uliotengenezwa na Wamarekani wawili, Corson na Stoughton, mwaka 1928, na herufi za mwanzo za majina yao, CS, bado ndizo jina lake. Mkataba wa Silaha za Kemikali wa 1993 unakataza kuutumia vitani. Unaruhusu polisi kuutumia kwa raia wa nchi yao.

Mjadala mwingine bungeni Nairobi ulihusu umbali. Julai 2025 Mwakilishi wa Wanawake wa Nairobi, Esther Passaris, aliwasilisha mswada wa kukataza maandamano ndani ya mita 100 za Bunge, Ikulu, mahakama na maeneo mengine yanayolindwa, pamoja na faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha miezi 3. Wapinzani wake walisema ombi la mwananchi halina maana lisipofika mlangoni kwa anayeombwa. Mita 100 kutoka ua wa Bunge zinaishia barabarani, katikati ya magari na ofisi, na hapo ndipo mistari miwili ingekutana: mmoja wa ngao, mwingine wa simu zilizoinuliwa.