Leveli nzuri ya gemu huanzia mtaani

Vijana wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wanacheza gemu, na wachache wameanza kujifunza kuzitengeneza. Hawa wachache wana swali moja: leveli ambayo mtu hataisahau hutoka wapi? Leo nawapeleka Nairobi, katika mitaa ya Kibera na Kawangware, tulitafute jibu.

Leveli ni kipande cha gemu chenye mahali pake, vikwazo vyake na njia ya kutokea. Iliyo nzuri hubeba wazo moja. Mchezaji huonjeshwa wazo hilo kwanza pasipo hatari kubwa, kisha hulikuta likiwa gumu zaidi, mwisho hugeuziwa asivyotarajia. Katika Super Mario Bros. ya 1985, adui wa kwanza huja polepole, peke yake, na mchezaji hujifunza kuruka bila kusoma neno. Shigeru Miyamoto, mtungaji wake, ameeleza kuwa The Legend of Zelda ilitokana na utoto wake wa kuzurura vichakani na mapangoni karibu na Kyoto. Wazo lilitoka kwao, halikutoka kwenye kompyuta.

Sasa tazama Kibera. Reli imepita katikati ya makazi. Watu hutembea juu yake na wauzaji hupanga bidhaa kandokando, hadi honi ya treni isikike. Hiyo ni leveli tayari: njia iliyo rahisi kuliko zote ndiyo yenye hatari, na sikio ndilo linalokuokoa. Mara ya kwanza treni ipite ukiitazama kwa mbali. Mara ya pili ikukute relini umebeba mtungi wa maji. Mara ya tatu ikufae, ipite baina yako na wanaokufukuza.

Kawangware kuna sehemu zinazojulikana kwa nambari za matatu, 46 na 56. Hapo mchezaji asipewe ramani. Aulize njia, aambiwe, akumbuke, kama mgeni yeyote ashukaye stejini.

Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2012 kampuni ya Mojang, wenye gemu ya Minecraft, ilishirikiana na UN-Habitat katika mradi wa Block by Block, ambapo wakaazi hutumia gemu hiyo kuonyesha wanavyotaka maeneo yao ya umma yawe. Mradi wa kwanza wa majaribio ulianzia Kibera. Mkaazi anajua taa inahitajika wapi na maji ya mvua hupita wapi. Mtengenezaji wa leveli naye amuulize huyo huyo.

Asipouliza, yatakuwa ya Call of Duty: Modern Warfare 2 ya 2009, ambamo mabanda ya Rio de Janeiro ni uwanja wa risasi tu. Mtoto wa Kibera akijiona hivyo kwenye skrini, ameibiwa kwao. Kibera ni jina la Kinubi, lenye maana ya msitu; Wanubi, Waislamu wenzetu, wameishi hapo zaidi ya miaka 100. Julai 2018 nyumba na shule zilibomolewa kupisha barabara. Vichochoro vilivyoondoka siku ile haviko tena, ila kwa anayevikumbuka, au kwa atakayevijenga ndani ya gemu.

Nanyi vijana wa Pwani, msiige miji ya watu. Vichochoro vya Lamu vina punda mwenye mzigo ambaye lazima mmoja wenu ampishe. Mikokoni maji yakipwa njia hufunguka, yakijaa hufungika. Mchezaji ashindane na bahari badala ya saa. Chukua daftari, tembea mtaani kwako, uandike watu hupishana vipi, husikiliza nini na huogopa nini. Kisha chagua jambo moja tu, uanze nalo.