Sadaka ya Wanyama na Mazingira: Tumpe Nani?

Katika robo mwaka iliyopita tulipata barua mbili zenye swali moja. Ya kwanza ilitoka kwa kikundi cha wafadhili wetu wa Ulaya. Wanachama wake wametenga fedha kwa ajili ya wanyama na mazingira, na wakatuuliza wazipeleke kwa shirika gani. Ya pili ilitoka karibu. Kamati ya parokia upande wa Mbalibali, wilayani Serengeti, ilikuwa imekusanya sadaka yake ndogo ya mazingira, nayo ikauliza hivyo hivyo. Fedha za wa kwanza ni nyingi kuliko za wa pili, ila tumeona ni vema tuwajibu pamoja, ili kamati nyingine nazo zisome.

Tunakiri kwamba hatukuwa na jibu la haraka. Mfadhili aliye mbali akisikia neno Serengeti anamwona simba, au yule mtoto wa tembo wa kwenye kalenda. Mama wa Mbalibali akisikia neno tembo analiona shamba lake la mahindi. Wote wawili wanasema kweli, na shirika linalostahili sadaka yetu ni lile linaloweza kusimama mbele ya wote wawili na kueleza kazi yake bila kubadilisha maneno.

Tuanze na kosa letu wenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulipitisha mchango wa parokia zetu kwa shirika moja la upandaji miti. Tuliahidiwa miche, na miche ikaletwa kweli. Tulipiga picha, na picha hiyo tukaichapisha katika jarida hili. Lakini miche ilifika mvua zikiwa zinaishia. Hakuna mwanakijiji aliyekuwa ameulizwa anataka mti wa aina gani, wala haikuwekwa wazi ni nani angezuia mbuzi. Kiangazi kilipokwisha, iliyobaki ilikuwa ile michache iliyopandwa karibu na mabomba ya maji ya shule. Ripoti iliyoletwa kwetu ilisema miche “imepandwa”, na huo haukuwa uongo. Kosa lilikuwa letu sisi tulioridhika na neno hilo.

Tangu hapo hatuulizi tena miti mingapi imepandwa. Tunauliza mingapi imesimama baada ya masika mawili, na ni ya nani. Wapo waliojifunza jambo hili kabla yetu. Mwaka 1983 wasomaji wa gazeti la Vi la Uswidi walianza kuchangia upandaji miti nchini Kenya, na kuanzia 1994 kazi hiyo, chini ya jina la Vi Agroforestry, ilifika mkoani kwetu Mara. Kadiri miaka ilivyokwenda, uzito ulihamia kwenye kumfundisha mkulima kilimo mseto, yaani kupanda miti pamoja na mazao. Mti ambao mama ameuotesha mwenyewe kwa ajili ya kuni, kivuli au malisho haungoji gari la mradi lije kuumwagilia.

Mbwa wa kijijini

Sasa tuje kwenye kazi ambayo, kwa maoni yetu, ni mfano bora wa sadaka ya wanyama katika wilaya hii, ingawa haijawahi kuwekwa kwenye kalenda ya mtu yeyote. Ni chanjo ya mbwa.

Katika familia moja tunayoifahamu, mtoto aliumwa na mbwa asiyejulikana. Kituo cha kwanza walichofika hakikuwa na dawa. Baba aliuza mbuzi akampeleka mtoto mbali zaidi, na kwa kuwa kinga ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa sindano kadhaa katika siku tofauti, alilipa nauli mara kadhaa. Mtoto yuko salama. Lakini ni lazima kila mzazi ajue kwamba dalili za ugonjwa huu zikishaanza, mgonjwa karibu hana nafasi ya kupona. Anayeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, halafu awahi hospitali siku hiyo hiyo.

Ugonjwa huu unaweza kuzuiwa kwa kuwachanja mbwa wenyewe, na hili limethibitishwa hapa hapa. Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001 zilifanyika kampeni nne za chanjo katika vijiji vya wilaya ya Serengeti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza, na kwa asilimia 97 baada ya ya pili. Watu waliohitaji kinga hospitalini baada ya kuumwa nao walipungua. Utafiti mwingine wa mwaka 2009, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Dk. Magai Kaare, ulipiga hesabu ya gharama. Katika vijiji vya wakulima wafugaji kama vya kwetu, ambako mbwa huletwa kwenye kituo kimoja cha chanjo, kumchanja mbwa mmoja kuligharimu takriban dola 1.73 za Kimarekani. Baba yule aliyeuza mbuzi angeweza kuwachanjia mbwa wengi kwa bei ya nauli zake peke yake.

Wataalamu hulenga kuchanja mbwa wapatao 70 katika kila 100. Mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu, na watoto wa mbwa huzaliwa kila msimu, kwa hiyo kinga ya kijiji hupungua hata kama hakuna aliyekosea. Kampeni ikirukwa mwaka mmoja au miwili, ugonjwa hupata njia ya kurudi. Ndiyo sababu tunawaambia wafadhili wetu kwamba shilingi laki moja kila mwaka kwa miaka mitano ni bora kuliko laki tano kwa mara moja. Tunajua si rahisi kuwaomba watu wachangie mwaka wa nne wa jambo lile lile, wakati halina jengo la kuzindua wala utepe wa kukata.

Kazi hii inapimika pia. Mbwa aliyechanjwa huvishwa mkanda shingoni au huwekwa alama, kisha watu hupita mitaani kuhesabu wangapi wanayo na wangapi hawana. Shirika likikuambia limechanja mbwa elfu moja, liulize ni elfu moja kati ya wangapi.

Na simba je?

Msomaji atauliza, je, mbwa wana uhusiano gani na wanyama wa hifadhini? Wana uhusiano mkubwa. Kichaa cha mbwa huvuka kutoka kwa mbwa wetu na kuingia kwa wanyama wa porini. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine unaofahamika kwa mbwa, uitwao distempa, uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Msiba huo uliwafungua macho watu wengi, na kuanzia 2003 bustani ya wanyama ya Lincoln Park ya Chicago ikaunga mkono mpango wa kuwachanja mbwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mtu wa Marekani aliyetaka kumwokoa simba alijikuta akimkinga mtoto wa kijijini asiyemjua. Sisi tunaihesabu kuwa sadaka njema.

Lakini tuwe wakweli, maana hapa ndipo shirika hujulikana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba chanjo ya mbwa haikutosha kuwazuia simba wasiambukizwe distempa, kwa sababu virusi vyake viliendelea kuzunguka miongoni mwa wanyama wa porini. Kwa kichaa cha mbwa chanjo ilifaulu, kwa distempa ya simba matumaini yalizidi matokeo. Wanasayansi waliokuwa wakifanya kazi hiyo ndio waliotangaza hivyo wao wenyewe. Kamati inayosoma ripoti za miaka mitatu mfululizo bila kukuta jambo hata moja lililoshindikana ina haki ya kuwa na wasiwasi.

Fedha zinazokwenda mahakamani

Si mashirika yote hutumia fedha kwa chanjo au miche. Mengine hutetea, na ni vizuri mfadhili alijue hilo kabla ya kutoa. Tunao mfano wa karibu. Serikali ilipokusudia kujenga barabara kutoka Mugumu kwenda Loliondo kupitia kaskazini mwa hifadhi, shirika la Africa Network for Animal Welfare la Kenya lilifungua kesi mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2014 mahakama iliamua kwamba kujenga barabara ya lami ndani ya hifadhi kungekuwa kinyume cha Mkataba wa Jumuiya.

Wapenda wanyama wa mbali walishangilia. Mugumu wapo waliosikitika, kwa kuwa walitazamia mabasi, soko na hospitali zilizo karibu zaidi. Sisi hatusemi kesi ile ilikuwa mbaya. Nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kupitia eneo hilo, na barabara yenye magari ya kasi ingewadhuru. Tunachosema ni kwamba waliochangia hawakuwa wao waliobaki kwenye vumbi. Anayelichangia shirika la utetezi aliulize pia linamtetea vipi mwanakijiji, kwa mfano kama linaunga mkono barabara ya kuzunguka hifadhi kwa upande wa kusini. Shirika lililo makini litakuwa na jibu.

Mitego ya nyaya nayo ina mafunzo yake. Mwaka 2017 shirika la Frankfurt Zoological Society, ambalo historia yake Serengeti inakwenda hadi miaka ya 1950 na Profesa Grzimek, lilianzisha pamoja na TANAPA kikosi cha kuondoa mitego hiyo. Ni kazi halali, maana waya haichagui kati ya nyumbu na tembo. Hata hivyo idadi ya mitego iliyoondolewa haituelezi kwa nini ilitegwa. Shirika hilo hilo limesaidia pia vikundi vya kuweka na kukopa viitwavyo COCOBA, ambavyo mwanachama hukopa humo mtaji wa biashara isiyoharibu mazingira. Tunapenda kuona kazi hizi mbili zikisimama pamoja. Kijana anayekamatwa na waya mara nyingi ana wadogo wanaomsubiri nyumbani, na baadhi yao wamo katika jumuiya zetu ndogo ndogo.

Kuhusu hesabu

Wafadhili hutuuliza sana ni asilimia ngapi ya fedha inakwenda kwenye ofisi na mishahara. Swali hili lina nafasi yake, lakini linapewa uzito kupita kiasi. Mchanjaji hulipwa mshahara, na dawa yake lazima ikae kwenye jokofu linalotumia umeme. Shirika linalojisifu kwamba halina gharama za ofisi huenda halina pia mtu wa kurudi kuhesabu mbwa wenye mikanda. Lililo muhimu zaidi ni kwamba hesabu zionekane. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya mwaka 2002 inayataka mashirika yaandae kila mwaka taarifa ya shughuli pamoja na hesabu zilizokaguliwa, na taarifa hiyo iwe wazi kwa umma. Kwa hiyo kamati ya parokia isione haya kuiomba. Tumewahi kuona wajumbe wakinyamaza kwa sababu mgeni alikuja na gari zuri.

Tulivyowajibu

Wafadhili wa Ulaya tumewashauri waelekeze sehemu kubwa ya fedha zao kwenye chanjo ya mbwa, kwa ahadi ya miaka mitano, na kiasi kidogo kwenye vikundi vya kukopa vinavyoambatana na uhifadhi. Kamati ya upande wa Mbalibali tumeiambia isiitume sadaka yake kokote. Fedha hiyo itanunua kamba za kuwafungia mbwa na kumlipa mpiga mbiu siku ya chanjo, maana kilichopunguza mahudhurio safari iliyopita ni habari kutofika vitongojini. Tarehe zitatangazwa baada ya ibada, na kiwanja cha kanisa kitakuwa kituo. Watoto ndio hasa huwaleta mbwa, hivyo tumeomba isiwe siku ya mitihani.

Jambo moja hatukulimaliza. Katika kikao hicho mama mmoja mtu mzima alisimama akauliza ni shirika gani la wanyama litakalomlipia mahindi yaliyoliwa na tembo. Alikuwa ameshajaza fomu za serikali. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa eka, kutegemea umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na kisichozidi eka tano. Wajumbe waliolima mwaka huo walijua eka moja inadai nini hadi kuvuna, na hakuna aliyesema neno kwa muda. Zipo njia za kuwazuia tembo, kama uzio wa mizinga ya nyuki uliojaribiwa Kenya na Dk. Lucy King, au kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Kila moja inahitaji matunzo na watu wa kukesha. Kamati imewachagua wajumbe watatu wakazione njia hizo katika vijiji vinavyozitumia na kurudi na gharama halisi kabla ya msimu wa kupanda. Mama yule ni mmoja wa hao watatu.