Gari la michezo la zaidi ya miaka 20: likifaulu ukaguzi Uingereza, ni salama kununua?

Mzee mmoja wa Makete alitupigia simu wakati wa kipindi cha asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba, akaeleza shida yake. Kijana wake anasoma Uingereza na anafanya kazi za zamu za usiku, saa ambazo mabasi ni ya shida. Amepata gari la bei rahisi, Toyota Celica ya mwaka 2003, na anaomba aongezewe hela kidogo. Muuzaji anasema gari "lina MOT ya mwaka mzima". Mzee akauliza: "Mwanangu, hiyo MOT ni nini? Nikiuza viazi nikamtumia hela, gari litatembea au nitakuwa nimenunua chuma chakavu?"

Hewani muda ulikuwa mfupi. Tukaahidi kueleza kwa maandishi, na maelezo yenyewe ni haya.

MOT ni nini?

MOT ni ukaguzi wa lazima wa gari nchini Uingereza. Herufi hizo zinatokana na jina la Kiingereza la iliyokuwa Wizara ya Uchukuzi. Ukaguzi ulianza mwaka 1960, na mwanzoni ulihusu magari ya zaidi ya miaka kumi tu. Ikaonekana magari mabovu ni mengi kuliko ilivyodhaniwa, umri ukashushwa, na tangu mwaka 1967 gari linaanza kukaguliwa likifikisha miaka mitatu. Baada ya hapo ni kila mwaka. Ireland ya Kaskazini wao huanza mwaka wa nne.

Ukaguzi hufanywa na gereji binafsi zenye kibali cha serikali. Ada ya gari dogo haitakiwi kuzidi paundi 54 na peni 85. Mkaguzi hutumia kama saa moja. Anapima breki kwenye mashine, anainua gari na kutazama chini, anatikisa magurudumu, anaangalia tairi, taa, mikanda, vioo, wipa na usukani, na anapima moshi.

Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa katika madaraja matatu. Kuna kasoro ya hatari, ambayo gari haliruhusiwi kuendeshwa mpaka litengenezwe. Kuna kasoro kubwa, ambayo nayo ni kufeli. Na kuna kasoro ndogo, ambayo gari linafaulu lakini mwenye gari anaambiwa atengeneze. Zaidi ya hayo mkaguzi anaweza kuandika angalizo, yaani kitu ambacho bado hakijaharibika lakini kinaelekea huko. Kumbuka neno hilo angalizo, tutalirudia.

Gari lenyewe ni lipi?

Celica ni gari la michezo la milango miwili, lenye paa linaloteremka kwa nyuma. Wazungu huliita aina hii "kupe", lakini usimfikirie kupe wa ng'ombe. Ni jina la umbo la gari.

Wapenzi wa mbio za magari Afrika Mashariki wanalijua jina hilo. Celica ilishinda Safari Rally mara kadhaa, na mwaka 1994 aliyekuwa kwenye usukani alikuwa Mkenya, Ian Duncan. Ila tusichanganye mambo. Celica zile za miaka ya tisini zilikuwa za magurudumu manne na injini ya turbo. Ya kijana wetu ni kizazi cha saba, kilichotengenezwa kati ya 1999 na 2006. Inavutwa na magurudumu ya mbele, injini ni ya lita 1.8, na ilikuja kwa nguvu mbili: ya kawaida yenye farasi kama 140, na ile kali yenye farasi kama 190. Injini ya kawaida ni ya familia moja na zile zilizowekwa kwenye Corolla za wakati huo, kwa hiyo kwa fundi si kitu kigeni.

Je, hufaulu?

Tuanze na magari yote kwa jumla. Uingereza, karibu magari matatu katika kila kumi hufeli kwenye jaribio la kwanza. Sababu zinazoongoza ni za kawaida kabisa: taa, saspensheni, breki na tairi. Gari likitengenezwa hurudishwa na mara nyingi hufaulu. Kwa hiyo kufeli mara moja si aibu. Gari lililofeli kwa balbu ni kama mwanafunzi aliyesahau kalamu siku ya mtihani. Gari lililofeli kwa kutu kwenye mifupa yake, huyo ni mwanafunzi ambaye hajasoma mwaka mzima.

Gari la michezo la zamani lina mambo yanayolisaidia na yanayoliumiza.

Linalolisaidia ni kwamba wengi hulitumia kama gari la pili. Linatoka siku za mapumziko, halibebi mizigo, na mwenye nalo mara nyingi analipenda.

Lakini kukaa sana nako kuna gharama. Breki za gari linalolala wiki nyingi hushika kutu na kung'ang'ania, na breki ya mkono inavuta upande mmoja. Mashine ya MOT inaliona hilo mara moja, kwa sababu inapima kila gurudumu peke yake. Tairi nazo hupasuka kwa uzee ingawa bado zina meno. Kwa hiyo msikilizaji, ukisikia "limetembea kidogo sana", uliza pia limelala muda gani.

Jambo la pili ni urefu wa gari. Haya magari yako chini, na vijana wengi huyashusha zaidi. Springi zinavunjika na bushi zinachoka. Magurudumu yakikaa upande, tairi inaliwa ndani ambako huoni ukisimama nje. Sheria inataka meno ya tairi yasipungue milimita 1.6 kwenye robo tatu ya katikati ya upana wake, kuzunguka tairi lote.

La tatu ni mapambo. Mwenye gari wa kwanza alinunua gari, wa tatu akanunua vishindo. Anaweka ekzosi ya kelele na kutoa kile kifaa cha kusafisha moshi, chenye matundu kama sega la nyuki. Anabadili balbu za mbele ziwe kali, anaweka namba za gari zenye maandishi ya urembo. Yote hayo ni sababu za kufeli MOT.

Adui mkubwa ni chumvi

Wakati wa baridi Uingereza barabara hushika barafu, na halmashauri humwaga chumvi ili iyeyuke. Maji hayo ya chumvi hurukia chini ya gari na kula chuma taratibu.

Gari dogo la aina hii halina chesisi ya kutenganishwa kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Kutu kwenye mlango ni sura mbaya tu, lakini kutu pale saspensheni inaposhikwa, au pale mkanda wa kiti ulipofungwa, ni suala la uhai. Ndiyo maana mkaguzi hutazama kutu ndani ya sentimita 30 kutoka sehemu kama hizo, na chuma kikiwa kimedhoofika gari linafeli. Kuchomelea panawezekana, lakini kwa mafundi wa kule kazi hiyo inaweza kuzidi bei ya gari lenyewe.

Hapa kuna mtego wa hesabu. Mtu atakwambia, "Celica nyingi zilizobaki zinafaulu, kwa hiyo ni imara." Ngoja kwanza. Zile zilizooza zimeshakatwa na kuuzwa vyuma chakavu, hazihesabiwi tena. Ni kama kutembelea kijiji, ukakuta wazee watano wa miaka tisini, ukasema kijiji hiki watu hawafi. Unawahesabu waliobaki. Magari ya zamani yanayofaulu leo ni yale yaliyotunzwa, na hilo halikuambii hili moja unalouziwa lilitunzwaje.

Kile ambacho MOT haikioni

Hili ndilo la muhimu kuliko yote. Mkaguzi wa MOT hafungui kitu. Haangalii uzima wa injini kwa ndani, wala klachi, wala giaboksi. Cheti kinasema kwamba siku ile, saa ile, gari lilitimiza kiwango cha chini. Hakisemi chochote kuhusu kesho.

Kwa Celica jambo hili lina uzito wake. Injini ile ya kawaida, hasa ya magari ya miaka ya mwanzo, inajulikana kwa kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Gari linaweza kufaulu Jumatatu, oili ikapungua bila mwenye gari kupima, na mwisho wa mwezi injini ikagonga. Cheti bado kina miezi kumi na moja, gari limekufa. Na oili inayoungua kwa muda mrefu huharibu kile kifaa cha kusafisha moshi, kisha gari linaanza kufeli kwenye kipimo cha moshi.

Kuna na jambo la taa ya injini kwenye dashibodi. Kwa magari ya petroli, ikiwaka ni kufeli, lakini kwa yale tu yaliyoanza kutumika kuanzia Julai 1, 2003. Celica ya mwanzoni mwa 2003 inaweza kufaulu huku taa hiyo inawaka. Ya mwisho wa mwaka huo huo haiwezi. Kwa hiyo muulize muuzaji tarehe ya usajili, asikwambie mwaka tu.

Historia iko wazi, bure

Habari njema ni kwamba Uingereza haina haja ya kumwamini muuzaji kwa maneno. Serikali imeweka matokeo ya MOT mtandaoni tangu mwaka 2005. Unahitaji namba ya gari tu. Hulipi, na hata ukiwa kijijini Makete na simu yenye bando unaweza kuangalia mwenyewe.

Utaona tarehe ya kila ukaguzi, kama gari lilifaulu au lilifeli, sababu zake, na maili zilizosomeka. Maili moja ni kilomita 1.6 hivi, kwa hiyo maili 90,000 ni kama kilomita 145,000. Maili zikipungua kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, kuna mtu alichezea mita.

Kisha soma yale maangalizo. Tuseme mwaka wa kwanza imeandikwa: paipu za breki zina kutu kidogo. Mwaka wa pili: paipu za breki zina kutu. Mwaka wa tatu: gari limefeli, paipu za breki zimeliwa. Hapo gari halikuharibika ghafla. Liliomba msaada miaka miwili, mwenye nalo akanyamaza. Mtu aliyenyamazia breki, oili aliipima?

Gari zuri lina historia ya aina nyingine. Angalizo linatokea mwaka huu, mwaka ujao halipo, maana yake lilitengenezwa.

Kijana afanye nini

Kwanza, apate namba ya gari na asome historia ya miaka mitano au zaidi kabla hata ya kwenda kuliona. Pili, akifika achomoe kijiti cha oili wakati injini imepoa, kisha aombe iwashwe, na mtu asimame nyuma kutazama kama unatoka moshi wa bluu. Tatu, apapase upande wa ndani wa tairi. Nne, kama muuzaji ni mkweli, wakubaliane lipelekwe ukaguzi mpya. Baadhi ya halmashauri zina vituo vya MOT ambavyo havifanyi matengenezo kabisa. Kituo cha namna hiyo hakina faida yoyote kwa kukufelisha wala kukufaulisha. Tano, aulize bei ya bima kabla ya kulipa, kwa sababu kijana mwenye gari la michezo hutozwa sana kule.

Na asithubutu kutembea bila MOT. Faini yake inaweza kufika paundi 1,000.

Hapa kwetu pia kuna la kujifunza. Tunaona stika ya usalama kwenye kioo cha basi tunapanda bila wasiwasi. Stika inasema gari lilikuwaje siku ya ukaguzi. Kwenye mteremko wa Kitonga linalokuokoa ni breki za leo.

Tulimpigia mzee na kumsomea haya yote. Siku mbili baadaye akatupigia yeye. Kijana alikuwa ameangalia namba ya gari. Mwaka juzi liliandikiwa angalizo la kutu karibu na mashikio ya saspensheni ya nyuma. Mwaka jana likaandikiwa lile lile. Mwaka huu limefaulu, na pale chini rangi nyeusi ni mbichi.

"Kwa hiyo baba, umeamuaje?" tukamuuliza.

"Viazi bado viko stoo," akasema. "Nimemwambia atafute lingine, na namba ya gari anitumie mimi kwanza."

Kama nawe una swali la gari, la hapa au la ndugu aliye mbali, tutumie ujumbe kwa namba ile ile ya kipindi. Tutalisoma.