Tuujue Mkarafuu Kabla ya Kuupanda

Kwa miaka mingi Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwagawia wananchi miche ya mikarafuu, na si siri kwamba mingi katika miche hiyo hufa kabla ya kuzaa. Wako wanaolaumu jua, na wako wanaolaumu ardhi. Sisi twaona kwamba mara nyingi mche hufa kwa sababu aliyeupokea hakuambiwa ni mti wa namna gani.

Mkarafuu ni wa ukoo mmoja na mpera, mzambarau na mkaratusi. Asili yake ni visiwa vya Maluku, huko Indonesia, nao uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa undugu huo, mche wake mchanga huweza kudhaniwa kuwa wa mzambarau, maana majani ya miti yote miwili hung'aa na hukaa mawili mawili yakielekeana. Lakini machipukizi ya mkarafuu hutoka na wekundu wa waridi, na jani lake likifikichwa hutoa harufu ile ile ya karafuu ya jikoni. Hapa pua ndiyo mwalimu. (Karafuu maiti tunayoitumia mazikoni ni kafuri, wala haina nasaba na mti huu.)

Mali ya mkarafuu ni ua lisilofunguka. Tumba lake, lenye umbo la msumari, huanza likiwa kijani, likapauka, kisha likaingia wekundu. Hapo ndipo lichumwe. Likiachwa, kifuniko hudondoka, nyuzi nyingi nyeupe hutokeza, nyuki wakafurahi na mwenye shamba akakosa.

Mashamba ya kwanza yalipandwa kwa jasho la watumwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikatangulia. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, wananchi waligawiwa ardhi eka tatu tatu, na wajukuu wa waliopanda kwa kulazimishwa wakapata kuvuna kwa faida yao. Mkarafuu huweza kuishi zaidi ya miaka 100, lakini hauishi milele. Asiyepanda leo anakula akiba ya wazee.

Basi upandwe vipi? Mbegu ya mkarafuu haiwekwi ghalani. Tunda likiiva huwa na rangi ya zambarau iliyokoza. Nyama yake iondolewe, na mbegu iatikwe ingali mbichi, maana ikikauka imekufa. Kitaluni itakiwe kivuli na maji ya kiasi. Mche upelekwe shambani mvua zinapoanza, katika ardhi yenye kina isiyotuamisha maji, na kati ya mti na mti pawe na futi 20 hadi 30. Miaka ya mwanzo migomba na mihogo iufunike kwa kivuli, huku ikimlisha mwenye shamba, kwani mazao ya kwanza hayaji kabla ya miaka sita au zaidi. Kuuchomeka mche peke yake katika uwanja mkavu, kisha kuusahau, ni kuupoteza.

Wakati wa mavuno yuko mtu ambaye aghalabu hatajwi katika hotuba: mchumaji. Anapanda juu kabisa kwa kamba na ngazi, na akianguka huvunjika au hufa. Tena hulipwa kwa kipimo alichojaza. Ujira ukiwa mdogo, haraka humfanya avunje matawi ili achume akiwa chini. Matumba hutoka nchani mwa matawi, hivyo tawi lililovunjwa leo ni karafuu zilizopotea msimu ujao. Mwenye shamba anayembania mchumaji anajibania mwenyewe, na matawi wanaomlaumu mchumaji peke yake waangalie kwanza kipimo anacholipiwa.

Karafuu zikishachambuliwa na makonyo kuwekwa kando, zianikwe siku ile ile juu ya majamvi safi, zisirundikwe mbichi zikachachuka. Zikikauka hupungua uzito hadi kubaki kama theluthi moja. Makonyo nayo yasitupwe, kwani hukamuliwa mafuta. Na kabla wachumaji hawajaufikia mti ulio bora kuliko yote shambani, mwenye shamba autie alama, matumba yake machache yaachwe yafunguke yawe matunda ya mbegu.